Hodi kwa Roboti la Mawinguni

Siku hizi mtu akifariki, sauti na akili yake hupewa kazi kwenye michezo ya video, na jamaa zake wakimkumbuka hucheza mpaka wamfikie. Marehemu mume wa Mwanakheri, fundi cherehani aliyeshindwa hata kuchinja kuku, alipangiwa kuwa roboti la kivita lenye mabawa, adui wa mwisho wa mchezo.

Kila alasiri Mwanakheri huketi mkekani na padi yake ya kuchezea mkononi, akaruka jukwaa hadi jukwaa, juu kupita mawingu, mpaka roboti lishuke, mizinga yake ikimwelekea.

"Hodi," husema.

Mizinga huinama. "Karibu, mama Zamda. Umekula?"

Basi huzungumza habari za watoto, mawingu yakipita chini yao polepole kama pamba, hadi chai yake ipoe.

Wiki iliyopita Mbaraka, kijana wa mlango wa pili, alilalamika kwamba roboti lile limemshinda kabisa. Mwanakheri akamwonea huruma. "We piga hodi tu, mwanangu. Halina neno."

Leo, kabla hajawasha runinga, aliisikia sauti ya mumewe ikipenya ukutani kutoka kwa Mbaraka: "Karibu, mama Zamda. Umekula?" Kisha mlipuko, na vicheko. Ghorofa ya juu nako vivyo hivyo. Na ng'ambo ya barabara.

Aliwasha runinga upesi, akapanda. Alipofika juu, roboti lilikuwa limejibanza nyuma ya wingu.

"Hodi, baba Zamda."

"Karibu," lilijibu taratibu, wala halikusogea. "Mama Zamda, nimekukosea nini?"