Mboga Tu

Bi Madhu aliziba pua kwa ncha ya sari kabla hajafika mlango wa jiko. Nyuma ya ukuta wa shule kulikuwa na bucha, na harufu ya bucha haijui mipaka. Nzi walikula huko wakashiba, wakaja kupumzika huku, kwenye shule ya Wahindi.

Ndani ya jiko lile hakukanyaga. Masufuria yake yalikuwa yamepikiwa kile kitu miaka na miaka. Jina la kile kitu hakulitaja kamwe. Aliona likipita mdomoni litamchafua ulimi.

Ndiyo maana alipompokea mpishi mpya kwa niaba ya wazazi, Philemoni, aliyeteremka kutoka Umeruni, alimpa amri akiwa amesimama nje.

"Kitu kichafu kisiingie humu. Watoto wapewe mboga. Mboga tu, kila siku."

"Ndiyo, mama. Mapishi yenu nayajua, nilikuwa kwa fundi Kulwant, yule Kalasinga wa Ngarenaro. Mboga haitakosekana, chapati haitaliwa kavu."

Siku hiyohiyo Philemoni akachukua majivu na maji ya moto, akasugua masufuria mpaka yakang'aa. Bi Madhu akaridhika.

Alikuwa na sababu ya kukazana hivyo. Chakula cha zamani cha shule kilimtapisha binti yake, Kalpana, akabaki mifupa mitupu. Tena mama mkwe alishatoa neno lake: siku mtoto atakapotiwa kile kitu kinywani, shule basi, atakaa nyumbani asubiri kuolewa. Na Kalpana alikuwa wa kwanza darasani!

Sasa muhula ulikuwa unakwisha, na watoto walilamba sahani. Kalpana alinawiri mashavu. Gurbachan, yule mtundu aliyezoea kumwaga chakula dirishani, siku hizi aliomba kuongezwa, huku akicheka peke yake.

"Mama Kalpana, mpishi huyu usimwache aondoke!" alimwambia Bi Madhu.

"Hiyo mboga unaitoa wapi?" Bi Madhu aliwahi kumuuliza Philemoni.

"Naeku ananiletea kutoka Kisongo, mama. Kila asubuhi, mbichi kabisa."

Bi Madhu alimshukuru huyo Naeku kimoyomoyo. Kisongo kwenyewe, kwa Wamasai, hakuwahi kufika.

Leo mama mkwe alikuja kuonja mwenyewe. Aliketi chini ya picha ya Mfalme wa Uingereza, amekunja uso kama aliyelamba shubiri. Harufu ilikuwa ileile, na Bi Madhu akalilaani bucha kwa mara nyingine.

Philemoni akaleta bakuli. Mchuzi mzito wa bizari, na ndani yake vipande laini, vimekatwa vidogovidogo. Bi Madhu alionja kwanza, apate kumtoa mkwewe wasiwasi. Kikongwe akafuata. Akatafuna, akatafuna tena. Uso ukalegea. Akajichotea kijiko cha pili, kisha cha tatu.

"Mtoto aendelee na shule," akasema.

Bi Madhu nusura alie kwa furaha. Akaiachia sari ikaanguka begani, akafuta bakuli lake kwa kipande cha chapati.

"Tamu sana," mama mkwe akamgeukia mpishi. "Ni mboga gani hii?"

Philemoni aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Ulimi, bibi. Jana ilikuwa maini."