Mawe Yanataka Fundi

"Yapi yanakufa upesi?" aliuliza Wilhelmina.

Lukelo aliinua macho kutoka kwenye sanduku. Alikuwa ametoka Dar es Salaam na masanduku mawili ya matumbawe aliyoyakuza mwenyewe kwenye matangi yake, na wateja wake huuliza yapi yanang'aa. Hakuna aliyewahi kumwuliza habari za kufa kabla mfuniko haujafunguliwa.

"Haya ya mawe, mama," akasema. "Haya laini hayana makuu. Yasahau wiki nzima, ukirudi unayakuta yanapunga tu. Lakini ya mawe ni kama mtoto njiti. Maji upime asubuhi na jioni, chokaa utie kwa matone, joto lisipande. Mwenyewe akilala nje siku moja tu, akirudi anakuta mifupa myeupe."

"Siku moja?"

"Kwa joto hili la Ifakara, moja inatosha."

"Na yakichanganywa?"

"Hayachanganyiki. Haya laini yanatoa sumu yao kimyakimya, ya mawe yanakufa bila hata kuguswa."

Wilhelmina aliyatazama yale laini kwa heshima. Alikuwa amekikumbatia kwa viganja kikombe cha bati chenye chai inayofuka, wala hakuwa na habari kwamba kinaunguza. Ndivyo alivyokuwa tangu jino lake la mbele ling'oke, mwaka juzi. Ni kama ile sindano ya ganzi aliyochomwa ufizini ilikosa njia ya kutokea, ikaamua kushuka mwili mzima.

Tangi lenyewe lilikuwa la kioo, refu kama jeneza la mtu mzima, na lilikuwa limelifukuza kabati la vyombo mpaka jikoni. Mumewe, Evaristo, fundi mstaafu wa pampu za shamba la miwa, aliliona la namna hiyo hotelini Dar, akaona Ifakara nayo haiwezi kukaa bila bahari. Kila masika maji ya mto yanawafika watu magotini bure, yeye akaenda kununua chumvi. Sasa majirani walikuwa wakija kutazama samaki wawili wenye mistari, na Evaristo anawapokea kama bwana harusi.

Siwema, dada yake Evaristo, alikuwa mkekani anachagua mchele. Akacheka mpaka ungo ukatikisika.

"Wee wifi! Kumbe una akili! Unataka kumfunga kamba kaka yangu asiende tena Mofu."

Mtaa mzima ulijua habari za Mofu. Kulikuwa na mama mmoja wa kukaanga samaki huko, na Evaristo alikuwa akienda kukagua mpunga hata mwezi ambao shambani hakuna jani. Lukelo akajifanya anakagua kamba ya sanduku.

Evaristo akaingia na kofia yake. Alipoyaona matumbawe laini akapiga makofi.

"Angalia yanavyocheza! Haya haya. Weka haya."

"Vizuri, baba Agnella," alisema Wilhelmina. "Chukua hayo. Ya mawe yanataka fundi."

Siwema akaacha kuchagua mchele.

"Yanataka nini?" akauliza Evaristo.

"Fundi. Mtu wa kupima asubuhi na jioni. Wewe umeshastaafu, pumzika."

"Miaka thelathini pampu za miwa alizishika nani? Bibi yako?"

"Zile zilikuwa za maji ya mto," Wilhelmina akasema polepole, akanywa chai.

Lukelo alisema baadaye kwamba katika biashara yake yote hajaona mteja akivua kofia na kuikanyaga. Matumbawe laini yalirudi Dar jioni ileile. Ya mawe yaliingia tangini yote, mpaka lile dogo ambalo Lukelo hakutaka kuliuza.

Evaristo akawa mtu wa nyumbani. Alipima, akaandika, akatia matone huku amebana pumzi. Umeme ukikatika, anakimbilia jenereta na taulo kiunoni. Simu ya Mofu iliita mpaka ikachoka. Fulgensi, binamu yake, alifiwa na mama mkwe kule Sanje. Wilhelmina akamkumbusha mazishi, tena akamkumbusha mara ya pili.

"Nitatuma rambirambi kwa simu," Evaristo akajibu bila kugeuka. "Msiba hautaharibika. Haya yataharibika."

Siwema alimfuata wifi yake jikoni kunong'ona.

"Siku ya tisa leo hajavuka geti! Hata mazishini hajaenda! Wifi, sasa una mume. Mbona hata hucheki?"

"Nacheka," alisema Wilhelmina, akaendelea kukoroga uji.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, Evaristo alikuwa ameinama juu ya tangi, mikono yote miwili majini mpaka kwenye viwiko, amelishikilia tumbawe kubwa lililokuwa limeteleza kutoka kwenye kitako chake.

"Evaristo."

Miaka ishirini na sita ya ndoa, mkewe hakuwahi kumwita kwa jina.

"Nini?"

"Nakwenda kwetu Chita."

Akageuza shingo. Mlangoni aliona begi, gauni la safari, na mguu mmoja uliokwisha kufika nje. Mara tatu Wilhelmina alishaondoka hivyo, na mara tatu Evaristo alimfuata, akamfikia kabla jua halijazama, na wajomba wakamkabidhi tena mikononi mwake.

Evaristo akautoa mkono mmoja majini. Tumbawe likainama.

Akaurudisha.