Kikombe Kisichoota Masikio

Mpimaji wa kiwanda alikitoa kikombe cha chuma kwenye mashine, akapitisha kidole gumba ukingoni. Laini kama ukingo wa bilauri.

Machale yakamcheza. Chuma chao chepesi kilitiwa alumini, nayo ilizipanga chembe za bamba kwa namna yake wakati rola zikiliminya likiwa baridi. Bamba hilo likifinyangwa kuwa kikombe, ukingo huota masikio manne, yaani vinundu vinavyochomoza juu. Siku zote.

Akakifunika kwa viganja, akageuka. Shemeji yake, msimamizi wa tanuri, alikuwa mlangoni.

“Shemeji, leo alumini mlitia kweli?”

“Tulitia, haki ya Mungu! Yaani unanishuku mimi?” Akajichekesha, jasho likimtiririka. “Sasa masikio yasipoota ndiyo kosa langu?”

Viganja vya mpimaji vilikuwa bado havijafunuka.