Mkanda wa Masanja

Adela aliingia ndani jua likichomoza, khanga yake imelowa umande mpaka magotini. Masanja alimcheka kutoka kitandani.

"Umetoka wapi, mama Herieth?"

"Shambani."

Ulezi ulikuwa umeshavunwa na kuhifadhiwa. Hata mtoto angejua ni uongo. Masanja naye alijua, ila hakujali. Marafiki zake wa baa walikuwa wameshamnong'oneza kwamba mkewe huonekana alfajiri kwenye njia ya Kaengesa, pamoja na kijana mmoja mrefu.

"Mwacheni," aliwajibu, akatema mate. "Kwa miguu ile, nani wa kumwonea wivu?"

Alikuwa bingwa wa mkoa wa ngumi za uzito wa juu, na hakuna aliyewahi kumwangusha. Tangu biashara iachwe huru na bia za nje zijae Sumbawanga mjini, kila baa ilitaka bingwa aonekane ameketi kwake. Kukimbia alikwisha acha. Mchana alishinda kwenye kibanda cha video, akitazama pambano lililompa ubingwa, lililorekodiwa na mpiga picha wa harusi. Kila picha ilipofika pale anapovishwa mkanda, alimwamuru mwenye kibanda airudishe nyuma.

Zamani Adela alimbebea ndoo na taulo, na kumkera kwa maneno: kimbia, lala mapema, weka akili hapa. Siku ile ya mkanda Masanja alimtimua mbele za watu.

"Nimeshinda kwa mikono yangu. Wewe rudi jikoni."

Wiki ya kutetea ubingwa, Adela alijaribu tena.

"Baba Herieth, huyo mpinzani wako Wilibrodi anafanya mazoezi."

"Mlima ulezi yule? Konde moja tu."

"Pumzi huna. Akili nayo umeiacha baa."

"Na wewe yako unampelekea nani kila alfajiri?"

Adela alimtazama tumbo, kisha uso, kama mtu anayekagua nyama iliyolala.

"Anayenisikiliza."

Masanja aliapa moyoni: akishashinda, atamtupia virago vyake nje.

Jumapili alasiri ukumbi ulifurika. Masanja alimtafuta mkewe kwenye viti vya mbele, hakumwona. Akatabasamu kwa dharau. Kona ya Wilibrodi hakujishughulisha hata kuitazama. Wakulima watupu, wa nini?

Raundi ya kwanza alirusha makonde mazito, Wilibrodi akayakwepa bila haraka. Ya pili Masanja alihema kama ng'ombe wa plau. Alijaribu kukumbuka lile konde la kwenye video lilivyoanza, halikumjia. Waliokuwa wakimnunulia bia walianza kucheka, wakinyoosha vidole upande wa pili wa ulingo. Alidhani wanamshangilia Wilibrodi.

Raundi ya tatu alishusha mikono apumue kidogo. Konde likampata kidevuni. Alianguka chali, tumbo juu, na mwamuzi akahesabu hadi mwisho huku ukumbi mzima ukihesabu naye, kwa kejeli.

Alipoweza kuinua kichwa, alimwona bingwa mpya ameketi kwenye kona yake, ametulia kama mwanafunzi. Mbele yake alipiga magoti mwanamke mwenye taulo begani, akimfungulia kamba za glovu.

"Usianze kujisikia," Adela alikuwa akimwambia. "Kesho alfajiri tunakimbia kama kawaida."