Namba Mpya ya Ruta ya Kilosa

Odilia aliusoma ujumbe kwenye skrini mara ya tatu. Ruta yake ya Kilosa, mtambo wa kusambaza intaneti, na ile ya Mikumi zilikuwa na namba moja ya utambulisho. Ruta zenye namba moja hazitambuani, na hoteli zote za Mikumi hazikuwa na intaneti tangu asubuhi.

Kosa lilikuwa lake. Mwezi uliopita alinakili mipangilio ya Kilosa, akaituma Mikumi bila kubadilisha namba. Kosa halikuonekana, kwa sababu ruta haina papara: hushikilia namba ya zamani mpaka izimwe na kuwashwa tena. Leo umeme wa Mikumi ulikatika, ukarudi.

Bosi wake, Wenceslaus, alipiga simu akiwa Dumila. "Ongea na fundi wa Mikumi mlimalize. Nikifika bado, mmoja wenu anaacha kazi leo."

Odilia aliogopa. Mshahara huo ndio uliowalisha yeye na mama yake.

Lakini fundi wa Mikumi alikuwa Thadeo, mumewe. Walikuwa hawajazungumza tangu wamzike binti yao Joyce, mwaka juzi. Siku ile katekista alipouliza tarehe ya kuzaliwa ya kuandikwa msalabani, Thadeo aliinamisha kichwa, akanyamaza. Odilia ndiye aliyeitaja. Hata arobaini haijaisha, mwanamume akaomba uhamisho. Baba gani anasahau siku aliyozaliwa mwanawe?

Hapana, hampigii. Najua mtasema kiburi si maungwana, lakini hamkuwepo makaburini.

Angebadilisha namba ya kwake, kimyakimya. Huenda Thadeo naye alikuwa ameketi mbele ya ujumbe uleule, akihofia kibarua chake, shauri yake. Ilitakiwa namba ambayo hakuna fundi mwingine angeifikiria. Akaandika 17.6.20.3. Tarehe kumi na saba, Juni, elfu mbili na tatu. Joyce alizaliwa alfajiri.

Akaizima ruta, akaiwasha. Taa zikarudi moja moja. Mikumi, kimya.

Nje gari la Wenceslaus likasimama. Akajaribu tena; kimya. Hatua za bosi zilikuwa barazani ujumbe mpya ulipotokea, na Odilia akausogelea kuusoma.

Ruta ya Mikumi nayo ilikuwa imebadilishwa namba, ikazimwa na kuwashwa. Sasa ilijitambulisha kwa 17.6.20.3.