Wakili wa Pili

Mwasiti alichagua ofisi ya Wakili Kahigi kwa sababu ilikuwa mbali na mtaa wao. Hakuna aliyejua kwamba anataka talaka, hata dada yake.

"Mumeo anaitwa nani, mama?" wakili aliuliza huku akiandika.

"Hamdani Shomvi."

Kalamu ikasimama. Mzee yule alivua miwani, akamtazama.

"Siwezi kukusimamia. Alikuja hapa jana."

"Alitaka nini?"

"Aliyoniambia siruhusiwi kuyasema." Wakili alichana karatasi, akaandika jina na jengo. "Nenda kwa huyu, Wakili Tumsime. Leo hii. Mtoto yuko wapi?"

"Shuleni."

"Basi mpitie kwanza."

Aliyasema kwa sauti ya chini mno, na hiyo ndiyo iliyomtisha Mwasiti kuliko maneno yenyewe. Alikimbia. Alimkuta Zamda darasani, akasaini daftari la mwalimu, akamshika bintiye mkono kwa nguvu hadi mtoto akalalamika kuwa anaumia.

"Mama, baba alisema leo atanichukua yeye. Tunasafiri."

Mwasiti aliongeza mwendo hadi kwenye jengo aliloandikiwa. Walipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Mlango wa Wakili Tumsime ulikuwa umefungwa, ila taa ya ndani ilikuwa inawaka. Akabisha. Akasikia kiti kikisogezwa. Huko chini, mtu alianza kupanda ngazi, taratibu, kama asiye na haraka yoyote. Mwasiti alimvuta mtoto mbele yake, akambana mlangoni, akabisha tena kwa ngumi.