Dakika Nne za Injinia Yoakimu

Keki ilipofika mdomoni, Injinia Yoakimu alifumba mdomo. Wageni wakacheka kwa upendo.

"Mnamwona?" alisema Mzee Onesphory, aliyekuwa mkuu wake wa kazi. "Hata leo hataki sifa. Huyu ndiye Yoakimu wetu!"

Kipande kikabaki mbele ya pua yake, kwa heshima zote, hadi picha ikapigwa.

Walikuwa watano, wote wastaafu wa kituo cha rada cha uwanja wa ndege, na walikodi Noah kutoka Katesh hadi Gitting kuja kumkumbuka mwenzao angali hai. Jambo la busara, kwani marehemu huwa hapigwi picha akilishwa keki. Tangu kiharusi kimshike, upande wa kulia wa Injinia ulikufa, na ulimi ukabakiwa na neno moja tu: "tu". Shikamoo ya Hilda, mdogo kuliko wageni wote, ilikaa hewani bila marahaba mpaka Doris akaiitikia kwa niaba ya mzee, bila hata chembe ya aibu.

Doris ndiye aliyemtunza. Mwaka jana alikuja mwenyewe kutoka Getanuwas kuulizia kazi, na Mama Philomena, mke wa Injinia, akampokea kwa sababu alikuwa mtaratibu na hakujua kununa.

"Sasa kile kisa!" alisema Hilda. "Dakika nne!"

"Dakika nne!" wakaitikia wengine kama kwaya.

Onesphory alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Saa tisa alasiri. Masika. Mawingu yamelala mpaka chini, ndege mbili ziko angani. Mara rada inazima! Tunakimbia huku na huku kama kuku waliomwona mwewe. Injinia anaingia. Hafungui kitabu, hagusi kipimo. Anakwenda moja kwa moja nyuma ya kabati, anapiga magoti, rada inawaka. Dakika nne! Ndege zikatua salama. Mpaka leo najiuliza, aliongozwa na nani?"

Injinia alijua vizuri aliongozwa na nani. Aliongozwa na birika. Ni yeye aliyechomoa plagi ya feni ya kupoza mitambo ili achemshe chai yake kwa birika la umeme, akasahau, akaenda kula. Nyuma ya kabati hakukuwa na ufundi wowote, kulikuwa na birika lililokauka. Aliirudisha plagi ya feni, birika akalificha ndani ya koti likiwa bado la moto, na kovu lipo tumboni hadi leo, ingawa kwenye risala halikutajwa.

"Na yule fundi wa zamu?" Hilda aliuliza. "Si alifukuzwa kwa uzembe?"

"Ah, yule. Jina limenitoka. Alilia sana, maskini, anaapa hakugusa kitu. Lakini ripoti aliisaini Injinia mwenyewe, nani angembishia?"

Wakatikisa vichwa, wakafungua soda nyingine.

Jina lilikuwa Nicodemo. Kwa miaka ishirini na miwili Injinia alilibeba akingoja siku nzuri ya kulisema, na siku nzuri ilipokaribia, kiharusi kikawahi. Hii ilikuwa nafasi ya mwisho. Onesphory, aliyetia muhuri barua ya kumfukuza fundi, alikuwa hatua mbili mbele yake, akili timamu, kalamu mfukoni. Nani alijua kama wangekutana tena?

"Tu!" alisema Injinia. "Tu, tu!"

"Anasema tunashukuru," Hilda alitafsiri, akajifuta machozi.

Injinia akagonga mkono wa kiti mara tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara yao, yeye na Doris. Binti hutaja herufi moja moja, naye mzee huminya kidole cha binti inapotajwa herufi anayoitaka. Kwa njia hiyo aliwahi kuomba uji, blanketi, na mara moja kwamba redio izimwe.

Doris akapiga magoti, akaanza kunong'ona. "A, be, che, de..."

Ilichukua robo saa. Wageni walikunja mikono kama wako misani, isipokuwa mmoja aliyekuwa akimalizia keki ya mgonjwa. Jasho lilimtiririka Injinia kana kwamba amelima heka nzima kwa jembe la mkono. NICODEMO HANA KOSA. BIRIKA LANGU. Alipominya herufi ya mwisho, alifumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Eh, anasemaje?" aliuliza Onesphory.

Doris hakuinuka upesi. Alimfuta mzee udenda, akamweka shuka vizuri mabegani.

"Anaomba mrudie kile kisa," alisema. "Toka mwanzo. Tena msiruke hata dakika moja."

Makofi yalilia mpaka mbuzi nyuma ya nyumba wakashtuka.

"Tu!" Injinia alipaza sauti. "Tu! Tu!"

"Jamani, anavyofurahi!"

Onesphory alikohoa kusafisha koo, kisha akakumbuka adabu. "Ngojeni kwanza. Huyu binti naye anastahili pongezi. Hilda, mwandike kwenye shukrani. Unaitwa Doris nani, mwanangu?"

"Doris Nicodemo," alijibu, kidole chake kikiwa bado ndani ya mkono wa mzee. "Endelea, babu. Tunasikiliza."